Gari la dola 500 na usiku wa spana: Jinsi timu za ridhaa zinavyokabili hitilafu katika mbio za masafa marefu

KWA timu ya ridhaa inayoshiriki mbio za magari za masafa marefu, adui mkubwa huwa ni saa. Mpinzani aliye mbele anaweza kufikiwa, lakini nusu saa iliyopotea gari likiwa juu ya jeki haipatikani tena.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mbio zinachukua muda wa saa 14, na gari la kawaida linamaliza mzunguko mmoja wa uwanja kwa dakika mbili na nusu. Gari hilo likienda bila kusimama litakamilisha mizunguko 336. Gari jingine lenye kasi zaidi, linalookoa sekunde tano katika kila mzunguko, litakamilisha takriban mizunguko 347. Faida yote hiyo, iliyotafutwa kwa jasho la saa 14 na kwa kuwahatarisha madereva kwenye kila kona, ni sawa na dakika 28 hivi za kusimama. Mpira mmoja wa maji ukipasuka, faida imekwisha.

Ndiyo maana wazoefu wa mchezo huu huwatazama mafundi kabla ya kuwatazama madereva.

BENTLEY YA MWAKA 1927

Jambo hili lilidhihirika mapema katika historia ya mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa, zilizoanzishwa mwaka 1923. Katika miaka hiyo ya mwanzo kanuni zilikuwa kali kuhusu matengenezo: dereva mwenyewe ndiye aliyepaswa kulitengeneza gari lake, tena kwa zana alizozibeba ndani ya gari hilo.

Mnamo Juni 1927 kampuni ya Bentley ya Uingereza ilipeleka magari matatu. Usiku ulipoingia, ajali ilitokea kwenye kona iitwayo Maison Blanche na magari yote matatu yakanaswa humo. Mawili hayakuendelea. La tatu lilikuwa likiendeshwa na Sammy Davis, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uandishi wa habari za magari. Mwenzake katika zamu, Dudley Benjafield, alikuwa daktari. Hawa hawakuwa watu wa kuishi kwa mshahara wa udereva.

Davis aliliondoa gari lake katika vyuma vilivyotapakaa na kulikongoja hadi eneo la matengenezo. Ekseli ya mbele ilikuwa imepinda, madigadi yamekunjamana na taa moja ya mbele imevunjika. Aliyachunguza magurudumu, akanyoosha kilichonyooka, akafunga kwa kamba na waya kilichokataa kunyooka, kisha akarejea barabarani. Kwa saa zilizobaki yeye na Benjafield waliendesha gari lililokuwa likivuta upande mmoja, huku gari la Ufaransa la Aries likiwa limewatangulia kwa mbali. Kabla ya mbio kumalizika, Aries hiyo nayo ikaharibika. Bentley iliyopinda ikashinda kwa tofauti ya mizunguko 20, yaani kilomita zipatazo 345.

Watu wengi husimulia kisa hicho kama hadithi ya ushujaa. Hata hivyo, kwa fundi kina maana nyingine: Davis hakujaribu kulirejesha gari katika hali yake ya awali. Alitengeneza yale tu ambayo yangelizuia gari kuzunguka, na mengine akayaacha jinsi yalivyo. Uamuzi huo wa nini kitengenezwe na nini kiachwe ndio unaozitesa timu za ridhaa hadi leo.

MBIO ZA MAGARI CHAKAVU

Nchini Marekani, mtu akinunua gari linalong'aa kwa nje lakini bovu kwa ndani, husemekana ameuziwa limau. Kutokana na msemo huo, na kwa kulitania jina la Le Mans, mwandishi wa habari Jay Lamm alianzisha mwaka 2006 mashindano aliyoyaita 24 Hours of LeMons. Mbio za kwanza zilifanyika katika uwanja wa Altamont, jimbo la California. Kanuni iliyoyapa umaarufu ni kwamba gari halipaswi kugharimu zaidi ya dola 500, na anayezidisha hutozwa adhabu ya mizunguko.

Gharama za usalama hazihesabiwi katika kiasi hicho. Kizimba cha vyuma kinachomkinga dereva gari likipinduka, kiti cha mbio, mikanda, mavazi yasiyoshika moto na vifaa vya kuzimia moto hugharimu fedha nyingi kuliko gari lenyewe. Breki na matairi pia yamesamehewa. Kwa hivyo, anayedhani kwamba huu ni mchezo wa watu wasio na fedha anajidanganya kidogo. Ni mchezo wa watu ambao fedha zao haziwatoshi kununua gari zuri baada ya kulipia uhai wao.

Kila timu huwa na madereva wanne au zaidi wanaopokezana. Ingawa jina linataja saa 24, mengi ya mashindano hayo hugawanywa katika siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na usiku wa katikati huachiwa mafundi. Usiku huo una thamani ya pekee. Injini iliyokufa Jumamosi alasiri inaweza kung'olewa, nyingine ikatafutwa katika yadi ya magari chakavu, ikafungwa, na ikaunguruma alfajiri kabla ya bendera ya kijani kupepea. Waandalizi hata wametenga tuzo ya ukarabati wa kishujaa, na tuzo wanayoithamini kuliko zote humwendea yule aliyefanya makubwa kwa gari baya zaidi, si yule aliyemaliza wa kwanza.

JOTO, MAJI NA GASKETI

Hitilafu inayozitoa timu nyingi changa ni joto la injini. Sababu yake haieleweki mara moja kwa mtu aliyezoea kuendesha gari mjini. Gari linalokwenda sokoni na kurudi hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake, tena kwa muda mfupi. Rejeta iliyoziba nusu kwa kutu bado inaweza kulimudu kwa miaka. Gari hilohilo likipelekwa uwanjani, mguu wa dereva hukandamiza pedali hadi sakafuni kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko, na hali hiyo huendelea kwa saa nzima bila mapumziko. Upungufu uliokuwa umejificha hujitokeza ndani ya dakika kumi.

Kinachofuata hujulikana. Kichwa cha injini, ambacho katika magari mengi ni cha alumini, hupanuka kupita kiasi na kupinda. Gasketi iliyo kati yake na bloku huachia. Gesi ya moto kutoka kwenye silinda huingia katika njia za maji, na maji nayo hupenya kwenye silinda. Fundi huitambua hali hii kwa mapovu yanayopanda ndani ya rejeta injini ikiwa inafanya kazi, kwa mvuke mweupe kwenye ekzosi, au kwa maji yanayopungua pasipo kuonekana yanakovuja.

Kubadilisha gasketi hiyo uwanjani kunawezekana, na timu zilizojiandaa hukamilisha kazi hiyo kwa saa chache. Tatizo ni kwamba kichwa kilichopinda hakitakaa vyema juu ya gasketi mpya. Fundi makini hulaza rula ya chuma juu yake na kutazama kama mwanga unapita chini. Mwanga ukipita, gasketi mpya itadumu muda mfupi tu, na saa zilizotumika kuifunga zimepotea bure.

Cha kusikitisha ni kwamba chanzo huwa kitu kidogo. Kifuniko cha rejeta, kwa mfano, kimeundwa kuzuia maji hadi yafikie shinikizo fulani. Katika shinikizo la takriban baa moja zaidi ya hewa ya kawaida, maji huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Kifuniko chenye springi iliyochoka hulipokonya gari nyuzi hizo 20, na ni kipuri cha bei ya chini kuliko chakula cha mchana cha timu.

OILI INAPOKIMBIA KONA

Adui wa pili ni ukosefu wa oili, na huyu hatoi onyo la kutosha. Oili hukaa chini ya injini katika sampu, na pampu huivuta kupitia mdomo mmoja. Gari likipiga kona ndefu kwa kasi, oili yote huegemea upande mmoja, kama chai katika kikombe cha abiria wa matatu. Mdomo wa pampu hubaki ukinyonya hewa. Kwa sekunde moja au mbili hizo, beringi zinazoibeba kranki na mikono ya pistoni hukaa bila utando wa oili, chuma kikisugua chuma.

Mara moja haiui. Lakini kona hiyohiyo itarudiwa zaidi ya mara 300. Hatimaye beringi moja huchakaa, hujizungusha mahali pake, na mlio wa kugonga husikika kutoka chini ya injini. Dereva akiendelea, mkono wa pistoni hukatika na kutoboa ubavu wa bloku.

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haisaidii sana, kwani imetengenezwa kuwaka shinikizo linapokaribia kwisha kabisa. Timu zenye busara hufunga geji yenye mshale, tena mahali ambapo dereva hawezi kukwepa kuiona, na humfundisha dereva azime injini kwanza na kuuliza maswali baadaye. Kabla ya mbio, wao huchomelea vipande vya bati ndani ya sampu ili kuizuia oili isikimbie, na huongeza kama nusu lita juu ya kipimo cha kawaida.

Beringi ikishagonga, bado upo ukarabati mmoja wa mashaka. Sampu hufunguliwa gari likiwa juu ya stendi, kifuniko cha mkono wa pistoni kikaondolewa, kranki ikasuguliwa kwa msasa laini hadi mikwaruzo ipungue, kisha beringi mpya ikafungwa. Mwenye kiwanda cha injini angecheka. Hata hivyo, matengenezo ya namna hiyo yamewahi kuzirudisha timu uwanjani, pengine kwa mizunguko kumi, pengine kwa siku nzima, hasa dereva anapokubali kutoipandisha injini hadi mwisho wa mizunguko yake.

BREKI NA MAGURUDUMU

Gari likishindwa kwenda, timu hupoteza nafasi. Likishindwa kusimama, huenda ikapoteza mtu. Kwa sababu hiyo hitilafu za breki hazistahili kupimwa kwa mizani ileile ya injini.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo hupita kwenye pedi hadi kwenye majimaji ya breki. Majimaji mapya ya daraja la DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini majimaji haya hufyonza unyevu wa hewani taratibu. Yakishajaa unyevu, kiwango cha DOT 3 hushuka hadi nyuzi 140. Gari kuukuu lililokaa uani miaka mitano bila kubadilishwa majimaji ya breki litachemsha katika mizunguko ya mwanzo; mapovu yatajaa ndani ya paipu na pedali itazama hadi sakafuni bila kukamata chochote. Dawa yake ni kumwaga yote na kujaza mapya kabla ya kwenda uwanjani, kufunga pedi zinazohimili joto kali, na kuelekeza hewa kwenye diski kwa mipira mipana kutoka mbele ya gari.

Magurudumu nayo hudai uangalifu. Beringi za habu ambazo zingedumu miaka barabarani huweza kufa katika wikendi moja, kwa kuwa tairi za mbio hushika lami kwa nguvu zaidi na kuisukuma habu upande. Bolti za gurudumu zilizokazwa na kulegezwa mara nyingi hukatika pasipo ishara. Dereva akisema usukani unatetemeka kuliko zamu iliyopita, gari huitwa ndani mara moja. Hapa hakuna mjadala wa dakika wala mizunguko.

KUTAMBUA UGONJWA

Nje ya hayo kuna hitilafu ndogondogo za umeme, ambazo huwachosha mafundi kuliko injini iliyopasuka. Injini iliyopasuka haina siri. Gari linalozimika kila baada ya dakika ishirini na kuwaka tena likipoa linaweza kuwa na koili mbovu, pampu ya petroli iliyochoka, waya wa ardhi uliolegea au rilei yenye ufa usioonekana.

Timu nyingi huanguka hapa kwa papara. Saa inakwenda, kila mtu ana maoni, na aliye na sauti kubwa ndiye anayesikilizwa. Distributa inabadilishwa, kisha plagi, kisha pampu, na saa mbili baadaye inagunduliwa kwamba fyuzi ilikuwa haijakaa sawa. Fundi aliyekomaa huwanyamazisha wenzake na kurudi kwenye mambo matatu ambayo injini ya petroli haiwezi kuyakosa: hewa, petroli na cheche. Huchunguza lipi halifiki, na hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ili ajue kilichoponya ni kipi.

Aina ya gari pia huamua hatima ya usiku. Timu iliyochagua gari la kawaida, kama vile Honda Civic au Toyota Corolla, itapata vipuri katika duka la mji wowote ulio karibu na uwanja, na huenda ikaazima kutoka kwa wapinzani wenyewe. Kuazimana huko ni desturi inayoheshimiwa mno katika mbio hizi. Iliyojivunia gari la ajabu kutoka nchi ya mbali hulala mapema, kwa kuwa haina la kufanya.

Wakenya wanalielewa hilo bila kufafanuliwa. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, magari yalikuwa ya aina zilizouzwa madukani, na sifa ya gari ilitegemea kama linaweza kurekebishwa mbali na karakana. Joginder Singh, aliyeshinda mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Gari lake, Volvo PV544, lilikuwa limekwishatumiwa katika mbio na watu wengine. Peugeot 504, iliyoshinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson wa Uswidi, ndiyo hiyohiyo iliyobeba abiria na mizigo kwa miongo mingi katika barabara za nchi hii.

Hata hivyo, si kila maarifa ya barabarani yanafaa uwanjani. Kipande cha sabuni kikisuguliwa kwenye tangi linalovuja petroli huziba tundu vya kutosha kumfikisha msafiri nyumbani. Katika mbio, tone moja la petroli chini ya gari linatosha kuliondoa hadi uvujaji huo utengenezwe ipasavyo. Kanuni za LeMons zinaagiza kwamba wakati wa kujaza petroli injini izimwe, dereva atoke, mtu mwingine asiguse gari kwa kazi yoyote, na wahusika wawe wamevaa mavazi ya kukinga moto huku kizima moto kikiwa tayari. Timu zinazotaka kubadilisha pedi za breki na kujaza petroli kwa wakati mmoja ili kuokoa dakika tatu huadhibiwa, na kwa haki.

UAMUZI WA SAA TISA USIKU

Kizito kuliko spana yoyote ni uamuzi wa kulirudisha gari uwanjani au kuliacha. Saa tisa usiku, watu wamechoka, mikono imechubuka, na kila mmoja amelipa ada yake kutoka mfukoni. Ambaye zamu yake ya kuendesha haijafika hutamani gari litembee kwa vyovyote. Ambaye ataingia ndani yake alfajiri huwa na haki ya kuuliza ni nani aliyekaza bolti za ekseli na kama kuna aliyezikagua baada yake.

Timu zenye utaratibu hukubaliana mapema, kabla ya uchovu, kwamba mtu mmoja ndiye mwenye kauli ya mwisho, na kwamba anayefunga sehemu ya breki, usukani au gurudumu haikagui mwenyewe. Mwenzake hupita nyuma yake na kuweka alama ya rangi kwenye kila nati aliyoihakiki. Baada ya ukarabati mkubwa dereva hutoka kwa mzunguko mmoja wa polepole, hurudi, boneti hufunguliwa, na chini ya gari humulikwa tochi kutafuta tone lolote. Hilo hugharimu dakika tano au sita.

Bendera ya mwisho ikishuka, magari mengine huonekana yakisukumwa hadi mstarini ili yahesabiwe kuwa yamemaliza, mengine yakifuka moshi, mengine yakienda kwa silinda tatu kati ya nne. Nyumbani, kazi ya kwanza ya fundi huwa ni kukifungua kichujio cha oili kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake chini ya taa. Ikiwa safi, injini hiyo itarudi uwanjani. Ikimeremeta chembe za chuma, beringi zimeanza kuliwa, na utafutaji wa injini nyingine huanza wiki hiyohiyo.